Kabla ya Kupeleka Kazi za Mikono Mfangano, Tazama Mwezi

Mimi husuka gugumaji, lile gugu linaloelea ziwani, hapa Kisumu: vikapu, vivuli vya taa na siku hizi vitu vikubwa vya kutundika ukutani. Msanii mwenzangu akiniuliza namna ya kufanya maonyesho visiwani, kama Mfangano katika Ziwa Victoria, huanza na tarehe. Usiipange kwa kalenda ya mjini. Wavuvi wa omena, yaani dagaa wa ziwani, hutoka usiku na taa za kuwavuta samaki, na mbele ya mbalamwezi taa hizo hazifui dafu. Kwa hiyo nenda mwezi ukiwa mpevu, wakati wavuvi wako nyumbani wakishona nyavu na mtu ana nafasi ya kusimama akaangalia. Giza likirudi, wanaume hulala mchana na akina mama huwa ufuoni tangu alfajiri wakianika omena. Nani atakuja? Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa. Miezi hiyo watu wana muda lakini mifuko ni mitupu, basi mimi huitumia kwa kufundishana kusuka.

Ukifika Sena, mji wa Mfangano, achana na ukumbi wa hoteli. Zungumza na BMU, ile kamati ya ufuo, wakupe banda la samaki siku ambayo halitumiki. Pale kila mtu huingia bila kualikwa. Andika bei waziwazi na uwaache watu washike. Fundi wa mashua atakigeuza kikapu chako, akague fundo kwa fundo, kisha akwambie ukingo huu hautadumu. Msikilize! Huyo anazijua kamba. Tena mwombe alete kazi yake mwenyewe, maana mashua za huku, kwa rangi na maandishi yake, kwangu ni sanaa ya kisasa kama taa zangu.

Na tafadhali usiwaambie wenyeji kwamba umewaletea sanaa. Michoro ya duara nyekundu na nyeupe ilikuwa kwenye miamba ya Mawanga na Kwitone, kisiwani humo, kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901.

Vuka kutoka Mbita asubuhi. Mchana upepo huinuka na mawimbi hurusha maji botini. Gugumaji likilowa huota ukungu, kwa hiyo funga kila kipande kwa nailoni, kisha gunia. Vyungu vizungushie nyasi kavu, vikae chini katikati. Nauli ya mzigo, ya kwenda na ya kurudi, elewana na nahodha kabla hujapakia chochote.