Jua linawaka, gridi imezima: mbona sola haiiamshi?

SWALI: Mhandisi, salaam. Tarehe 28 Aprili 2025 Hispania na Ureno zilizima saa 6:33 mchana, jua likiwaka, na sola ilikuwa ikitoa zaidi ya nusu ya umeme wa Hispania. Mbona hiyo sola haikutumika kuiwasha gridi upya?

JIBU: Inveta (vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli kuwa umeme wa gridi) nyingi za mashamba ya sola hufuata gridi. Husoma volteji na masafa (kasi ya mapigo ya umeme) yaliyopo kwenye laini, ndipo hupeleka mkondo. Laini ikifa, hazina cha kufuata. Hujizima hata paneli zikiwa zimejaa jua.

Ndiyo maana Hispania ilianza na mabwawa pamoja na laini za kutoka Ufaransa na Moroko, na Ureno ikaanza na bwawa la Castelo de Bode na mtambo wa gesi wa Tapada do Outeiro. Mtambo wa maji huamka kwa dizeli ndogo au betri tu: kusukuma mafuta ya gavana (kidhibiti cha maji yanayoingia kwenye mtambo), kufungulia maji, kutia sumaku kwenye jenereta. Kisha unawasha laini fupi. Ukikimbilia laini ndefu ya kilovolti 400 isiyo na mzigo, volteji hupanda mwisho wa laini, rilei (vifaa vya ulinzi wa laini) hukata, unaanza upya.

Mzigo huingizwa kidogo kidogo. Wengi hawazidishi asilimia 5 ya uwezo wa mitambo iliyokwisha kuungana: MW 5 kwa mtambo wa MW 100. Na hata hapo kadiria kwa uchoyo, kwani friji, pampu na viyoyozi vilivyolala saa kadhaa huamka kwa mpigo. Mtaa wa MW 3 waweza kuvuta 6.

Zinazosumbua kuliko mashamba makubwa ni sola za mapaani. Umewasha fida (laini inayolisha mtaa) ya MW 5, masafa yametulia Hz 50. Dakika 5 hivi baadaye inveta za majumbani zinarudi zenyewe, fida inashuka hadi MW 2. Masafa yanapanda, gavana inabana maji. Likipita wingu, mzigo unarudi wote. Chumba cha udhibiti hakizioni wala hakiwezi kuzizima. Anza na fida zenye sola chache. Mashamba makubwa yaingie baadaye, kwa kikomo unachokiweka wewe.

Inveta zinazojitengenezea volteji zipo: mwaka 2020 shamba la upepo la Dersalloch, Scotland, lenye MW 69, liliamsha sehemu ya gridi katika majaribio. Ila inveta hutoa mkondo wa hitilafu (unaotiririka laini ikipata shoti) mara 1.2 hivi ya uwezo wake, jenereta ya maji mara kadhaa. Rilei zilizopangwa kwa jenereta huenda zisiione hitilafu hiyo, kwa hiyo mipangilio ya rilei ibadilishwe kabla hujaitegemea inveta kuamsha gridi.