Kabla hujamhamisha mtoto, uliza darasani mna nani

Dada mmoja wa Mbarara, hapa Uganda, ameniandikia baada ya matokeo ya Senior 4 (kidato cha nne, S4) kutoka. Binti yake yuko S2 katika shule ya serikali ya kutwa, na jirani amemwambia kuwa shule hiyo imejaa wakimbizi, ndiyo maana wenye A ni wachache. Sasa anataka kuuza ng'ombe ampeleke bweni lenye jina. Dada yangu, ng'ombe akae kwanza.

Mkimbizi anayesemwa na jirani yako ni mimi. Tulitoka Kivu Kaskazini, Kongo, tukafikia Nakivale, kambi ya wakimbizi ambako Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali wanaishi jirani na Wanyankole wenyeji. Kwetu nilikuwa nimemaliza darasa la sita, nikiwa mbele kwenye hesabu. Hapa nikapangwa P4, yaani darasa la nne la msingi, pamoja na watoto wadogo, kwa sababu sikuwa na Kiingereza. Na hesabu zenyewe zikanigeuka. Shule zetu za Kifaransa zinaandika namba ya kugawia upande wa kulia. Huku Uganda namba hiyo inakaa kushoto. Moja na nusu sisi ni 1,5, hapa ni 1.5. Nilipata jibu sahihi nikawekewa kosa, na hakuna aliyeniuliza nilikosomea. Mtu akitazama ripoti yangu ya muhula ule ataapa kwamba sina akili.

PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, nilipita, nikaingia S1 kwa USE, mpango wa serikali wa sekondari bila ada, ambao unapokea mtoto mwenye jumla isiyozidi 28 katika PLE (jumla ikiwa ndogo ndiyo bora). Muhula wa kwanza haujaisha, mwalimu mkuu alisimama mbele ya shule nzima akasema watoto wa kambini tunawashusha wenzetu. Maneno yale hayajanitoka mpaka leo, na sitajifanya yametoka.

Leo mimi ni mwalimu wa Kiswahili, somo ambalo mtaala mpya wa 2020 umelifanya la lazima S1 na S2. Njoo uone darasa langu! Mtoto wa Kikongo ndiye anayemsahihishia mwenzake Mnyankole ngeli, na kipindi kinachofuata Mnyankole anamwelekeza yeye Kiingereza. Nina wanafunzi walioingia na jumla ya 26 na 27 ambao sasa wanaandika insha ninazowasomea walimu wenzangu. Najivunia hao kuliko chochote nilichowahi kufanya.

Kwa hiyo, mzazi, ukihesabu A peke yake umepima nini? Bweni lenye jina linachagua watoto wa jumla ya 4, 5 na 6, na 4 ndiyo alama bora kabisa katika PLE. Likitoa A nyingi, limetoa watoto waliokwisha kuwa wa A. Shule ya kijijini inayompokea mwenye 28 na kumtoa na B na C imefundisha zaidi. Tuache kuwahukumu watoto kwa kabila na kwa kambi. Kinachowaangusha wengi tunakiona kwa macho: USE hailipi chakula cha mchana, na mtoto aliyetembea alfajiri bila kula hawezi kusikia somo la saa nane. Wazazi tunaogoma kuchangia posho na maharage, halafu tunalaumu Wakongomani, Mungu anatuona.

Dada, nenda Jumatatu ofisini kwa mwalimu wa taaluma. Muulize S4 waliomaliza waliingia na jumla gani kutoka PLE, na walitoka na nini. Muulize watoto walianzia wapi. Asipokuwa na jibu la hilo, hapo ndipo uwe na wasiwasi, kwa sababu shule isiyojua watoto wake walianzia wapi haiwezi kuwasogeza. Muulize pia darasa lina watoto wangapi, na kama wanaokuja kutoka shule za Kifaransa wanapewa msaada wa lugha.

Kisha kaa na binti yako mfungue madaftari ya miradi yake. Tangu mtihani wa 2024, asilimia 20 ya alama za UCE, ule mtihani wa S4, zinatokana na kazi za shuleni, na alama hizo zinaanza kukusanywa mapema. Ukimhamisha katikati, hakikisha alama zake zimeandikwa na zinamfuata huko aendako.