Kabla ya Kupiga Marumaru Jikoni, Gundi ya Zamani Itoke Yote

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mbagala aliniandikia kwamba fundi wake anataka kupiga marumaru za jikoni juu ya gundi iliyobaki baada ya kubandua kapeti la plastiki, kwa madai kwamba saruji itaifunika. Niliusoma ujumbe huo mara mbili, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuambiwa mimi, nikayakubali, na yakaniharibia jiko zima.

Jiko langu lina upana wa mita 3 na urefu wa mita 3.5, na sakafu yake ni ya saruji iliyopigwa niru, yaani iliyolainishwa juu kwa uji wa saruji. Kapeti lilipotolewa liliacha mabaka ya gundi ya kahawia, magumu kama ukoko wa wali. Fundi alifagia, akamwaga uji wa saruji, akapiga marumaru, akalipwa, akaondoka. Mwezi wa nne baada ya kazi hiyo nilitua ndoo ya maji chini nikasikia mlio wa utupu. Niligonga marumaru moja baada ya nyingine kwa mpini wa kisu, na karibu nusu yake zililia vivyo hivyo. Mwezi wa sita zile za karibu na sinki ziliinuka kwa mkono, zikiwa zimeshikana barabara na saruji yake, ila upande wa chini wa saruji hiyo ulikuwa laini na wenye alama za ile gundi. Nilipompigia fundi, alisema nyumba yangu ina unyevu. Jibu hilo linaniuma hadi leo.

Saruji hushika sakafu kwa kuingia katika vinyweleo vyake, na gundi huviziba vinyweleo hivyo. Kwa hiyo mara ya pili niliifanya kazi mwenyewe, kwa jioni tano, nikiwa nimepiga magoti.

Nilianza na eneo la ukubwa wa kiganja ili kuijua gundi yenyewe. Nilimwaga maji ya moto yenye sabuni, nikafunika kwa matambara kwa nusu saa, kisha nikakwangua kwa skrepa pana. Gundi yangu ililegea. Zipo zisizojali maji, nazo huhitaji skrepa yenye makali na subira zaidi. Nilikwangua, nikafuta, nikamwaga tena, na sina la kuongeza kuhusu jioni hizo isipokuwa kwamba makali ya skrepa yanapaswa kunolewa mara kwa mara.

Jirani alinishauri nitumie petroli. Ndugu msomaji, nakusihi usithubutu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na jikoni ndipo palipo na moto. Tineri nayo huwaka, tena huiyeyusha gundi ikazama ndani ya saruji, mahali ambapo skrepa haifiki. Na ukikuta gundi nyeusi mfano wa lami katika jengo la miaka mingi, usiikwangue ikiwa kavu wala usiipitishie grenda, kwa kuwa baadhi ya gundi hizo za zamani zilichanganywa na asbesto, na vumbi la asbesto husababisha saratani. Hiyo mwachie mtu mwenye ujuzi na vifaa vya kujikinga.

Gundi ilipokwisha, nilidonoadonoa niru kwa tindo na nyundo, nikiwa nimevaa miwani na barakoa, kwa sababu niru laini nayo haishikiki vizuri. Kisha nikanyunyiza matone ya maji kila kona. Palipobaki gundi, tone lilisimama juu kama lilivyo kwenye jani la mgomba. Palipokuwa safi, saruji ililinywa. Nilirudia sehemu tatu. Nadhani kipimo hiki kingeniokoa mara ya kwanza, kwani kinachukua dakika chache na hakihitaji fedha. Marumaru nilizopiga juu ya sakafu ile zina miaka mitatu sasa, na hakuna hata moja inayolia.

Watu wengi huona aibu kumsimamia fundi, wakihofu kuonekana wajuaji. Jiko ni lako na fedha ni zako. Simama hapo, mwaga maji yako, na usiruhusu saruji ikorogwe kabla sakafu haijayanywa.

Dada yangu wa Mbagala, mwombe fundi wako asubiri siku chache. Anzia kona ya karibu na sinki, kwani mara nyingi gundi ya huko huwa imeshalegezwa na maji.