Kwa nini ada ya mke ni ndogo kuliko ya mume

Kaka, umeuliza kwa nini bima ya maisha ya mkeo ni nafuu kuliko yako ilhali umri ni mmoja. Kampuni huanza na jedwali la vifo: kati ya watu wa umri fulani, wangapi hufariki ndani ya mwaka. Wanawake huishi zaidi, hivyo ada yao hushuka (Umoja wa Ulaya umekataza tofauti hiyo tangu 21 Desemba 2012). Ila kwako naona sigara uliyoitaja ndiyo inayopandisha zaidi. Ukiacha, kampuni nyingi husubiri miezi 12 kabla ya kukuhesabu kama asiyevuta, na zinaweza kupima mkojo kutafuta kotinini, yaani kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na nikotini ya sigara. Tafadhali usifiche chochote kwenye fomu, hata presha ya zamani. Wakigundua baadaye, watoto wako wanaweza kunyimwa malipo.