Bastola za Makarov na Glock: ipi nyepesi kufungua na kutunza?
Kwa muundo, Makarov. Kwa matunzo, Glock. Makarov ya Warusi (1951) mtutu wake umekazwa kwenye fremu, hausogei wala haufungamani na slaidi (kipande cha juu kinachoteleza). Slaidi hurudishwa nyuma na nguvu ya risasi yenyewe. Springi moja bapa ndani ya kitako inasukuma nyundo, inarudisha triga, na ncha yake ya chini ndiyo inashika magazini. Akili nyingi, vyuma vichache! Kuifungua: vuta kilinzi cha triga chini, slaidi nyuma na juu, basi.

Glock 17 (Austria, 1982) mtutu unainama kila ukifyatua, lakini hapo hapo ndipo inapomshinda Mrusi: mtutu unatoka, unaushika mkononi unausafisha vizuri. Kipini kimoja cha kusukumia pini kinatosha kuivua yote, na vipuri vingi huingia bila kupigwa tupa. Tokarev, bastola nyingine ya Warusi, nayo si mbaya, mtambo wa nyundo unatoka mzima mzima.

Ila Glock inakulazimu uvute triga kabla ya kuivua slaidi. Kwa hiyo kabla ya kuivuta, toa magazini, kisha chungulia chemba (panapokaa risasi) na uipapase kwa kidole.