Nundu kwenye shingo ya mti: nilivyokosea na ninavyofanya sasa

Mwaka wangu wa pili kwenye shamba la jozi karibu na Linden, California, nilikuta mti umetoa nundu chini kabisa, pale shina linapokutana na mizizi. Ilikuwa kubwa kama chungwa, nyeusi kidogo, ngozi imepasukapasuka. Nikachukua panga, nikaifyeka, nikaipiga teke pembeni, nikaenda mti unaofuata na panga lilelile. Ilikuwa Januari, tope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Kufika kiangazi cha mwaka uliofuata mti ule ulikuwa na nundu tatu, na miti miwili ya jirani nayo imeanza.

Mimi mtu wa Lushoto, nimekulia kwenye mipichi na miplamu. Nilijiona fundi wa miti. Kumbe nilikuwa nimeusambaza ugonjwa kwa mkono wangu mwenyewe.

(Kwa asiyezijua jozi: ni zile kokwa ngumu ambazo ndani zina kiini kama ubongo mdogo, na ukizipasua vizuri unapata nusu mbili. Jina limezikaa.)

Ugonjwa wenyewe unaletwa na bakteria aitwaye Agrobacterium tumefaciens, ambaye wanasayansi Smith na Townsend walimthibitisha huku Marekani mwaka 1907. Anaishi udongoni na hana uwezo wa kutoboa gome zima, anangoja jeraha. Akilipata, anachomeka kipande cha vinasaba vyake ndani ya seli za mti. Kuanzia hapo mti unajitengenezea wenyewe homoni za kuvimba, na juu yake unampikia yule mgeni chakula anachokijua yeye. Ujanja huu ni mkubwa kiasi kwamba wanasayansi wameuazima, wakautumia kupandikiza jeni kwenye mazao. Lakini kwa mkulima maana yake ni moja: hata ukiwaua bakteria wote, seli zilizokwisha kugeuzwa zitaendelea kuvimba. Ndiyo sababu dawa ya kupuliza haifui dafu. Na ndiyo sababu panga langu lilishindwa: lilibakiza mabaki ya nundu, likafungua kidonda kibichi ndani ya tope, kisha likabeba uchafu hadi mti wa pili.

Mijozi ya huku ina shida ya ziada. Mingi imebebeshwa juu ya shina la chini liitwalo Paradox, chotara wa mjozi mweusi wa California na mjozi wa kawaida, jina alilolitoa Luther Burbank, mzalishaji wa mimea wa Santa Rosa. Linakua kwa kasi, kila mtu analipenda, na nundu nazo zinalipenda. Siku hizi kuna shina la chini jingine, RX1, ambalo linavumilia zaidi, ila kuvumilia si kinga kamili. Usije ukalala usingizi kwa sababu ya jina lililoandikwa kwenye kibandiko cha mche.

Sasa nafanya hivi. Nangoja mvua zikatike. Huku ni Mei au Juni, na baada ya hapo hakuna tone mpaka vuli. Nafukua udongo kuzunguka shingo ya mti kwa hewa ya kompresa, kwa sababu jembe linachubua mizizi na mchubuko ndio mlango. Asiye na kompresa atumie maji ya presha, au mikono na subira. Kisha patasi kali na nyundo. Naondoa nundu yote, halafu naendelea kuchonga mpaka niingie kwenye gome zima kiasi cha upana wa kidole. Macho yatakuambia ulipofika: nundu kwa ndani haina mpangilio, imekaa mabongebonge kama uji ulioganda, wakati mti mzima una nyuzi zake zilizonyooka na ngozi ya ndani yenye rangi ya maziwa, ambayo ukiikata inaanza kugeuka kahawia huku unaitazama. Ukiona bado mabonge, hujamaliza. Hapa ndipo vijana wengi ninaowafundisha wanauonea mti huruma na kuacha kipande. Bora kidonda kikubwa kisafi.

Baada ya hapo moto. Nawasha mtungi mdogo wa gesi wenye mdomo wa kupuliza ndimi za moto, napitisha juu ya kidonda, na zaidi kwenye ukingo, mpaka pabadilike rangi. Sichomi kama mahindi. Nia ni kuua kilichobaki juujuu. Sirudishii udongo. Shingo inabaki wazi ikauke na jua mpaka kidonda kianze kufunga. Vipande vyote vinaingia kwenye ndoo na kutoka shambani, havipigwi teke tena. Patasi inafutwa kwa spiriti kabla ya kugusa mti mwingine, hata kama tumechelewa chakula cha mchana.

Mwaka unaofuata narudi. Mara nyingi kuna kadoa kamechomoza pembeni ya kovu. Nakatoa kakiwa kadogo, dakika tano zimeisha.

Yote haya ni kwa mti mchanga na nundu isiyofika nusu ya mzunguko wa shina. Ikipita hapo kwenye mti wa miaka miwili mitatu, ng'oa. Nilijaribu kuiokoa kadhaa ya namna hiyo na nikapoteza muda tu, ikabaki mifupi na ya njano wakati wenzake wanazaa. Mti mkubwa wenye nundu kuukuu unaoendelea kuzaa vizuri, mimi huuacha.

Lakini kazi yenyewe iko siku ya kupanda. Miche huku inakuja wakati wa baridi, mizizi wazi bila udongo. Kuna mzigo mmoja tuliletewa na kitalu fulani, miche kadhaa ina makovu laini shingoni, kama mtu amepitisha kisu na kusawazisha. Nikamuuliza dereva, akainua mabega. Nikapanda, kwa kuwa mashimo yalikuwa tayari na vibarua wamesimama. Nundu nyingi nilizokuja kuzichonga baadaye zilitoka mistari ile. Sasa nakagua mche mmoja mmoja, na wenye kovu la namna hiyo unarudi na gari lililouleta.

Iliyopita ukaguzi nafunika mizizi kwa magunia mabichi isikauke, sikati mzizi usiovunjika, na kabla ya kupanda nachovya kwenye maji yenye K84. Huyu ni bakteria mwema, ndugu yake yule mbaya, aliyeletwa kwenye kilimo na mwanasayansi Allen Kerr wa Adelaide, Australia, miaka ya 1970. Anawahi kukaa kwenye majeraha na kutoa sumu inayomuua mwenzake. Si kila aina ya yule mbaya hufa kwa sumu hiyo, na nundu iliyokwisha kuota hashughuliki nayo kabisa. Kisha napanda juu juu, shingo ionekane, na mashine ya kukatia nyasi haisogei karibu na shina.

Mlioko Lushoto, Njombe au kwenye mashamba ya waridi Arusha: bakteria huyuhuyu anashambulia pichi, plamu, tufaa na waridi. K84 mkiikosa dukani, patasi safi, kiangazi na jicho la siku ya kupanda mnavyo.

Pembe moja ya shamba tuling'oa ekari nzima, tukafukua na mizizi. Nimepanda ngano pale, maana nafaka hazimlishi bakteria huyu, na huu ni mwaka wa pili. Tajiri ananung'unika kila akipita. Juzi kaniuliza kama nimegeuka mkulima wa mikate. Nikamwambia aniongezee msimu mmoja.