Usiku wa Kwanza: Magogo, Mkaa na Kondoo Watatu

Desemba iliyopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuja kwetu Nkuhungu, Dodoma, likizo na simu yake yenye kioo kilichopasuka. Hata begi hajaliweka chini, akanionyesha ulimwengu wake mpya wa Minecraft, gemu ya kukata miti, kuchimba na kujenga, ambamo giza likiingia maadui hutoka. Alikuwa amekata magogo 64, rundo zima. "Kaka, si nimeanza vizuri?"

Nikamuuliza mwenge uko wapi. Hana. Kitanda? Hana. Jua la kwenye gemu lilikuwa limeshagusa kilima. Haikupita muda, mifupa hai yenye upinde ikammaliza, magogo yote yakamwagika porini. Vitu vya marehemu hukaa chini dakika 5 tu, kisha vinapotea, na yeye zote alizitumia kununa.

Sikumcheka sana. Nilipoanza mimi nilikuwa mchoyo kuliko yeye: nilijaza mfuko udongo, mchanga, mpaka maua, nikajiona tajiri. Bibi yangu kule Bahi akikutuma kuni hakuambii ujaze mkokoteni. Anataka za kuivishia mlenda wa leo na za uji wa asubuhi, na anataka uwe umerudi kabla giza halijaingia. Kwenye gemu hizi mahesabu ni yale yale: siku nzima ya Minecraft ni dakika 20, na mchana wenyewe ni kama 10. Swali la kujiuliza unapoukaribia mti wa kwanza ni usiku huu utadai nini.

Tuhesabu. Gogo 1 linatoa mbao 4. Kwa hiyo magogo 3 ni mbao 12: meza ya kazi, ya kuundia vifaa, inakula 4, vijiti 4 vinakula 2, sururu ya mbao inakula 3 pamoja na vijiti viwili. Zimebaki mbao 3 na vijiti viwili. Hizo mbao usiziguse, ni za kitanda. Vijiti ni vya sururu ya mawe. Magogo matatu tu, dogo, na hesabu imekamilika! Ongeza kama sita ya akiba na ya mkaa, kisha achana na miti.

Sururu ya mbao usiizoee. Inavunjika baada ya kuchimba mara 59, na ni nzito kama jembe butu kwenye ardhi ya kiangazi. Ukishapata mawe 3, rudi mezani utengeneze ya mawe, ambayo inafika mara 131 na ndiyo itakayokutolea chuma baadaye. Mawe 8 mengine ni ya tanuru.

Sasa mkaa. Hapa ndipo wengi wanapopotea, na huwa nashangaa, maana sisi tumekulia kwenye magunia ya mkaa. Jua linazama, mtu yuko mapangoni anatafuta makaa ya mawe kwa ajili ya mienge, anapapasa gizani, anadondokea shimoni. Wakati miti imejaa nje! Weka magogo 3 juu kwenye tanuru, chini chochea kwa mbao 2. Yakiiva unapata mkaa vipande 3, na kila kipande ukikiunga na kijiti kinatoa mienge 4. Mienge 12 inatosha nyumba na njia ya choo, kama gemu ingekuwa na choo.

Kondoo nao wasikupite. Sufu 3 za rangi moja na zile mbao 3 ulizozificha ndicho kitanda. Ukilala, usiku unaruka, na ukifa unaamkia hapo hapo badala ya kurushwa mwanzo wa dunia. Nikiona kondoo watatu weupe saa za mwanzo, naacha hata sururu niwafuate. Nyama yao ndiyo chakula cha jioni, kwa hiyo suala la njaa nalo limekwisha.

Nyumba isikusumbue. Toboa ubavu wa kilima, ziba mlango kwa udongo, ambao unachimbika hata kwa mkono. Kama uko tambarare, jenga fupi yenye paa bapa kama tembe la Wagogo. Paa usiliache wazi, buibui wa humo wanapanda kuta.

Gemu nyingine zina masharti yake. Kwenye Don't Starve giza lenyewe linakuua, kwa hiyo nyasi 2 na vijiti 2 vya mwenge huja kabla ya tamaa nyingine yoyote.

Dogo alianza upya jioni ile ile. Siku ya tatu akapata chuma, akatengeneza ndoo, nikamwonyesha ujanja wa maji: chimba shimo la miraba minne, mbili kwa mbili, mwaga ndoo moja pembe hii na nyingine pembe inayotazamana nayo. Chota utakavyo, hayapungui.

Mama alikuwa anapita na dumu mbili tupu, siku ya nne tunasubiri zamu yetu ya maji. Akasimama nyuma yetu, akamtazama dogo akichota, akachota tena.

"Na hilo shimo," akauliza, "kuchimbiwa ni shilingi ngapi?"